Chumvi ilitolewa kwenye mboga, jicho likaendelea kufa: kisa cha babu na neno "presha ya macho"

Babu aliingia kliniki amevaa kanzu safi na koti juu yake, ameshikwa mkono na binti yake, na pale mlangoni bega lake la kushoto likagonga fremu. Hakushtuka, alirekebisha tu mwendo akaendelea kama mtu aliyekwisha zoea. Mimi nikiona mtu anagonga upande mmoja huwa naacha ninachofanya, manake mwenye ukungu wa macho hupapasa mbele yake, lakini anayegonga pembeni mara nyingi ni mtu ambaye kuona kwake kwa pembeni kumeshaliwa kidogo kidogo bila yeye kujua, na huo ni ugonjwa mwingine kabisa.

Naandika kisa hiki kwa ruhusa ya familia. Jina na kijiji nimeviacha, itoshe kusema ni mkoa wa Tanga, mzee wa miaka 67, ujana wake wote alifanya kazi kwenye korona, ile mashine ya kukamua mkonge, baadaye akabaki na shamba lake la mahindi na miti michache ya michungwa. Mimi ni nesi kliniki ya macho. Na sehemu ya kosa lililotokea hapa ni yangu mwenyewe, nitafika huko.

Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Kimya. Nikasogea, nikarudia kwa nguvu, akaitika "Marahaba mjukuu wangu, hujambo?" kwa tabasamu pana. Binti yake akaninong'oneza, "Dada, huyu baba anasikia anachotaka mwenyewe. Baba mdogo akija wanapiga stori mpaka usiku, mimi nikimwita chakula mara tatu, kimya." Kauli hiyo niliiandika pembeni ya faili kwa sababu ilikuja kuwa na maana kubwa baadaye.

Tukaanza vipimo. Kwenye chati ya herufi E zinazogeukia huku na huku, jicho la kulia lilifika 6/18, yaani kitu ambacho mwenye macho mazima anakiona akiwa umbali wa mita 18, babu inabidi asogee mpaka mita 6. Sio vibaya sana kwa umri wake. La kushoto hakuona herufi hata moja, nikashusha kipimo: anahesabu vidole? Hapana. Anaona mkono ukitikisika? Hapana. Nikawasha tochi nikamulika moja kwa moja, nikauliza "Babu, taa inawaka au imezimwa?" Akajibu kwa adabu kabisa, "Washa tu mjukuu wangu, mimi niko tayari." Taa ilikuwa inawaka muda wote.

Presha ndani ya jicho la kulia ilikuwa 36, la kushoto 44. Kawaida ni kati ya 10 na 21. Daktari akaangalia nyuma ya macho, pale unapoanzia mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, katikati ya pale huwa kuna kibonde kidogo tunakiita kikombe, kwa babu kikombe kilikuwa kimekula karibu mduara wote, 0.9 jicho la kulia na la kushoto hakuna kilichobaki cha kuokoa. Glaukoma, na imeshafika mbali.

Sasa ndio ikaja sehemu ambayo mpaka leo naiona mbele yangu. Daktari anamwambia binti kwamba presha ya macho iko juu sana, binti anashangaa, anasema "Lakini daktari presha yake ni nzuri, hatujakosa kupima," anafungua pochi anatoa daftari la shule, yale ya kurasa 48, limepigwa mistari kwa rula: tarehe, juu, chini. Kila wiki mbili. Miezi 14. 124 kwa 78. 130 kwa 80. 122 kwa 76. Mwandiko mzuri, hakuna wiki iliyorukwa, hata wiki ya msiba wa mama mkubwa wake imo. Na akaongeza kwamba tangu walipoambiwa baba ana presha, chumvi aliitoa kwenye mboga yote, nyumba nzima wanakula chakula cha bila chumvi mpaka wajukuu wanalalamika, mafuta amepunguza, na baba kahawa ya jioni kaacha. Daktari akamwambia, "Leo jicho lina 36," na yule dada akauliza kwa nia njema kabisa, "Sasa 36 si imeshuka sana?"

Msimcheke tafadhali. Yuko sahihi kwa maarifa aliyopewa. Watu wetu wanajua presha ni mbili, ya kupanda na ya kushuka, inapimwa mkononi kwa kile kitambaa kinachobana, na namba yake ya juu inacheza kwenye mia na kitu. Ukisikia 36 kwenye hesabu hiyo unawaza mtu anakata roho. Kumbe vipimo vyote viwili vinatumia milimita za zebaki lakini vinapima vitu viwili tofauti, kimoja ni nguvu ya damu inavyosukuma kwenye mishipa, kingine ni nguvu ya maji yaliyomo ndani ya jicho yanavyosukuma kuta zake. Maji hayo sio machozi. Yanatengenezwa ndani kwa ndani kila wakati na yanatoka kupitia njia ndogo kwenye pembe ya mbele ya jicho, sasa njia ikisuasua maji yanajaa, yanakandamiza ule mshipa wa kuonea mpaka nyuzi zake zinakufa moja moja. Haiumi. Jicho halibadiliki rangi, na ubongo unajazia sehemu iliyokosekana kiasi kwamba mtu anajiona yuko sawa tu mpaka siku anagonga mlango. Na kilichokufa pale hakirudi, kwa dawa wala kwa upasuaji. Mtu anaweza kuwa na presha ya damu nzuri kama kijana huku macho yanakufa, na kinyume chake pia.

Kisha yule dada akatoa kadi ya zamani, ya mara ya kwanza walipofika miezi 14 nyuma. Nikaipokea. Imeandikwa "Presha ya macho. Matone mara 2 kwa siku. Arudi mwezi 1." Mwandiko ni wangu.

Nilikaa nayo mkononi. Nimeandika sentensi hiyo kwenye kadi za wagonjwa wengi mno, naona naandika Kiswahili chepesi ili wananchi waelewe, na kweli walielewa, ila walielewa kitu kingine. Babu alipofika nyumbani na kadi inayosema presha alifanya kila ambacho mwenye presha anaambiwa afanye. Chupa ya timolo (timolol), yale matone ya kushusha presha ya jicho, ilipoisha baada ya wiki kadhaa wakaenda zahanati ya jirani, wakapimwa mkono, wakaambiwa presha yako nzuri mzee endelea hivyo hivyo, basi hawakuona sababu ya kutumia nauli kurudi kwetu. Hakuna aliyedanganya pale. Zahanati walipima walichoulizwa.

Hilo ni neno la kwanza lililotupoteza. La pili ni mtoto wa jicho. Kuona kulipoanza kufifia zaidi majirani wakamwambia babu ni mtoto wa jicho huyo, kwa umri wako ni kawaida, subiri akomae ndio waje wamtoe. Ushauri huu una mizizi, zamani upasuaji ulisubiri lenzi, kile kioo cha ndani ya jicho, iwe imepata ukungu kabisa na kukakamaa ndipo itolewe, na wazee walioona hivyo bado wako nasi. Siku hizi hausubiri kukomaa, kuona kukianza kukukwamisha kwenye kazi zako inatosha, lenzi yenye ukungu inatolewa na ya bandia inawekwa na mtu anaona tena. Uzuri wa mtoto wa jicho ni kwamba ukichelewa, mara nyingi bado kuona kunarudi. Glaukoma ukichelewa umepoteza. Kwa hiyo kumwambia mwenye glaukoma asubiri kama mwenye mtoto wa jicho ni kumpeleka upofuni kwa miguu yake mwenyewe. Na hilo jina lenyewe limechoka kubeba mizigo, maana wengine hata kile kinyama kinachoota kwenye weupe wa jicho kutokea upande wa pua nacho wanakiita mtoto wa jicho, mgonjwa anakwambia nina mtoto wa jicho na wewe huwezi kujua anamaanisha nini mpaka umulike.

La tatu ndilo lililoniuma kuliko yote, dawa ya macho. Miezi mitano kabla ya kurudi kwetu macho ya babu yalianza kuwasha, msimu wa vumbi. Wakaenda duka la dawa wakaomba dawa ya macho. Wakauziwa chupa ndogo, ikawa nzuri sana, kuwasha kukakoma siku ya pili, basi kila ikiisha wananunua nyingine. Nilimwomba dada aniletee ile chupa, akaja nayo siku iliyofuata imefungwa kwenye kitambaa, nikasoma kwa lenzi maana maandishi ni madogo: deksamethasoni pamoja na antibayotiki. Hiyo deksamethasoni ni steroidi, aina ya dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Inatuliza muwasho haraka kweli, lakini ikitumika wiki nyingi kwenye jicho inaweza kupandisha presha ya ndani ya jicho, na kwa mtu ambaye tayari ana glaukoma hatari ni kubwa zaidi, tena inaweza hata kuleta huyo mtoto wa jicho wa kweli. Kwa babu na binti yake hakukuwa na tofauti, hospitali walipewa dawa ya macho, dukani wamenunua dawa ya macho, bado wanatumia dawa ya macho, yaani wanatibu. Moja ilikuwa inashusha na nyingine inapandisha na zote zina jina moja.

Kuna na neno "mshipa" ambalo halikuleta madhara hapa ila lilitaka kuleta. Daktari alipoeleza kwamba mshipa wa jicho umeharibika babu alimgeukia binti yake kwa aibu akajifunika koti vizuri, kwa sababu kwa wazee wengi wa pwani mwanaume akiambiwa ana mshipa linalokuja kichwani kwanza ni ngiri au busha. Siku hizi nasema "waya wa kuonea", watu wana umeme au wameuona, wanajua waya ukikatika taa haiwaki hata kama balbu ni nzima. Najua wataalamu wa lugha hawatalipenda. Linafanya kazi.

Sasa turudi kwenye ile kauli ya anasikia anachotaka mwenyewe. Daktari alipomaliza maelezo marefu akamuuliza babu "Umeelewa mzee?" naye akajibu "Ndiyo ndiyo, nashukuru sana." Nikamwomba anieleze tuliyozungumza. Akatabasamu tu. Nikaangalia masikio kwa tochi, la kulia limezibwa na nta ngumu nyeusi, na alikiri huwa analisafisha kwa unyoya wa kuku, ambao badala ya kutoa unasukuma ndani. Tukampa matone ya kulainisha kwa siku kadhaa, ikatolewa, akasikia vizuri kidogo. Lakini kidogo tu. Tukampeleka hospitali kubwa kwa daktari wa masikio, pua na koo, akapimwa usikivu kwa ile mashine ya kuvaa hedifoni. Karatasi ya majibu ina duara kwa sikio la kulia na alama ya X kwa la kushoto, na kwa babu mistari yote miwili ilianza vizuri kwenye sauti nzito halafu ikaporomoka kama mtelemko wa Lushoto, kwenye 4000 hezi, yaani sauti nyembamba, alihitaji desibeli 70 ndipo anyanyue mkono.

Hapo ndipo ile korona inapoingia. Mtu anayesimama miaka mingi pembeni ya mashine inayonguruma bila kuziba masikio anaharibikiwa kwanza kwenye sauti nyembamba, karibu na hapo hapo kwenye 4000, kisha uzee unaongeza wake. Sasa angalia inavyocheza na lugha yetu. Irabu zetu ni nzito, zinasikika. Zinazopotea ni herufi kama s, f, sh, t, k. Mtu kama babu anasikia mtu anaongea, anasikia hata sauti iko juu au chini, ila maneno yanamfikia yamekatwa katwa, "asubuhi" na "usiku" vinabaki mabaki ya irabu tu na hapo ndipo tunapomwambia dawa hii asubuhi, hii usiku. Sauti ya mdogo wake ni nzito, anaipata. Sauti ya binti yake na ya kwangu ni nyembamba, zinapotea. Hajifanyi! Miaka yote hiyo yule dada ameamini baba yake anampuuza, nilipomwonyesha ile karatasi alilia pale pale kwenye benchi.

Na siku ile ya kwanza, ile ya kadi yenye mwandiko wangu, mimi nilimweleza babu nimevaa barakoa, feni inazunguka, foleni nyuma yake, kwa sauti yangu hii nyembamba. Katika yote niliyosema alilolishika ni "presha". Neno analolijua likapita, mengine yakabaki hewani.

Jambo jingine dogo kuhusu maneno ya masikio. Kwenye barua ya rufaa mwenzetu mmoja aliandika "mgonjwa ni kiziwi". Nikaomba ibadilishwe. Sio kwamba kiziwi ni neno baya, viziwi wenyewe wanajiita hivyo, wana chama chao CHAVITA na wana Lugha ya Alama, ni watu kamili na jamii yao. Ila babu hajui alama hata moja na anasikia sauti nzito vizuri tu, ukimwandika kiziwi anayepokea barua anaanza kupiga makelele au anaacha kabisa kuongea naye anaongea na binti. Tukaandika "hasikii vizuri sauti nyembamba masikio yote mawili, ongea taratibu ukiwa mbele yake". Imechukua mstari mmoja na nusu. Ameandikiwa pia kifaa cha kusikia, kile kwenye karatasi za serikali kinaitwa shimesikio, jina zuri ila dukani ukilitamka wanakuangalia, na bei ni kilio kingine. Bado familia wanachanga.

Tulichofanya kwa macho: ile chupa ya dukani ikasimama siku hiyo hiyo. Tukamuuliza kuhusu pumu na mapigo ya moyo, kwa sababu timolo kwa mwenye pumu inaweza kumbana kifua vibaya hata kama ni tone tu, hana. Akaanzishiwa timolo asubuhi na jioni, na latanoprosti mara moja usiku. Latanoprosti ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa friji, kwao friji hakuna, basi tunampa chupa moja moja, na ikishafunguliwa anaiweka kwenye kikopo kikavu kivulini pembeni ya mtungi wa maji, inatumika wiki chache kisha inabadilishwa. Tone nalo ni somo. Mara ya kwanza babu aliweka manne yote yakaishia shavuni. Nikamfundisha: kaa, inua uso, vuta kope la chini liwe kama mfuko, dondosha moja, funga jicho, bana kwa kidole kona ya karibu na pua dakika mbili ili dawa isishukie kooni. Mkono wake mkubwa wa mkulima ukitetemeka juu ya jicho, binti ameshika kiwiko chake. La tano likaingia.

Baada ya wiki mbili jicho la kulia lilikuwa 24, mwezi wa pili 17. La kushoto halitaona tena na tulimwambia hivyo wazi, alinyamaza muda mrefu kisha akasema "Basi hili moja tulilinde." Presha ikipanda tena upasuaji wa kutengeneza njia mpya ya maji upo, na anajua kwamba hata huo unalinda kilichobaki tu.

Kuhusu maneno nina msimamo na najua tutabishana. Wengi tumefundishwa tutumie Kiswahili cha kawaida, tusiwatishe watu kwa majina ya kizungu. Mimi baada ya babu nasema neno geni lisilo na maana yoyote kichwani kwa mgonjwa ni salama kuliko neno analolijua lenye maana nyingine. Ukisema glaukoma atauliza "hiyo ni nini?" na hapo umepata nafasi ya kumweleza. Ukisema presha ya macho hatauliza, anaijua presha, mama yake alikuwa nayo. Kwa hiyo kwenye kadi sasa naandika GLAUKOMA kwa herufi kubwa, chini yake "inaua kuona kwa pembeni, haiumi, haipimwi mkononi". Kwenye chupa ya matone nabandika plasta nyeupe nikaandika jina na "ya glaukoma", ili asije akasema dukani dawa ya macho tu. Na hakuna anayetoka bila kunirudishia maelezo kwa mdomo wake, mzee nasimama mbele yake barakoa nimeshusha, uso wangu ukiwa kwenye mwanga. Inakula dakika tano na foleni inanung'unika. Inung'unike tu.

Wiki iliyopita walikuja kwa ratiba. Nikamwuliza babu unaumwa nini, nikiongea taratibu na sauti nimeishusha, akanijibu kwa sauti ya korona mpaka benchi zima likageuka, "Glaukoma! Haipimwi mkononi!" Kisha nikamgeukia yule dada. Ana miaka 41. Ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa yuko kwenye hatari kubwa kuliko wengine, na sisi Waafrika unatuanza mapema zaidi. Miezi yote hiyo amemshika baba yake mkono na hakuna aliyemwambia naye akae kwenye kiti. Akakaa. Akaweka kidevu kwenye mashine, akashika vishikio kwa nguvu, taa ya bluu ikamjia. 19 na 20. Daktari akaangalia waya wa kuonea, kikombe cha kushoto ni kikubwa kidogo, sio cha kuanza dawa, ila arudi baada ya miezi sita apimwe pia uwanja wa kuona, yaani anaona pembeni kiasi gani. Alichukua lile daftari lake la kurasa 48, akafungua ukurasa mpya upande wa nyuma, akapiga mistari kwa ukingo wa kadi: tarehe, jicho la kulia, jicho la kushoto.